Bahasha ya Bi Tabu

Jumapili, 1 Februari

Nimeanika albamu. Kama kila Jumapili nikitoka misa. Ukungu umeshuka tangu alfajiri mpaka huku Bigwa, na unyevu wake hauna adabu, unaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kurasa nimezisimamisha mezani, feni kwa mbali, vifuko vya mchele mkavu pembeni. Anastazia ananicheka kwa huo mchele. Anasema stempu za mume wake zinakula kuliko wajukuu.

Stempu moja ya Norway ina doa la kahawia kwenye meno ya ukingoni. Wiki iliyopita halikuwepo. Au lilikuwepo, macho ndiyo hayakuliona. Nimeligusa kwa kibano. Halitoki.

Ijumaa Olimpiki ya majira ya baridi inaanza Italia. Mzee mmoja wa huko tunayebadilishana naye stempu kwa posta ameahidi kunitumia seti nzima. Nimefika umri wa kuhesabu maisha kwa michezo hiyo. Calgary, nilikuwa nimeoa karibuni. Lillehammer, Neema alikuwa tumboni. Nagano, tulishahamia mjini. Watu huuliza mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mpwapwa, ana nini na theluji. Nawajibu inapendeza kutazama. Jibu hilo huwatosha.

Ukurasa wa kwanza sikuuanika. Huwa nauanika nikiwa peke yangu.

Jumanne, 3 Februari

Neema amewahi kutoka duka la dawa. Anataka kupiga picha stempu zangu aziweke mtandaoni, kwa sababu ya hiyo michezo. Nimemchagulia kurasa. Nimefurahi, nisidanganye. Miaka arobaini na miwili nakusanya, na mtu wa kwanza kuniomba nimwonyeshe ni binti yangu mwenyewe aliyekuwa anaziita makaratasi.

Nilitoka kidogo kufunga maji uani. Niliporudi alikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

"Baba, hii ya bahasha nzima ndiyo kali kuliko zote. Mbona umeificha?"

Nikamwambia aiache, imechakaa. Akafunua kurasa nyingine. Nikadhani ameiacha.

Jumatano, 4 Februari

Kaziweka tangu asubuhi. "Mzee wa Morogoro anayekusanya theluji." Nimecheka. Watu wameandika maneno mazuri. Mmoja kauliza kama nafundisha. Nikazisogeza picha moja moja. Ya nne ni bahasha.

Jina linasomeka bila miwani. Bi Tabu Kibwana. Chini yake shule, sanduku la posta, Morogoro, Tanzania. Stempu mbili, mrukaji na mwanamke anayeteleza kwenye barafu. Muhuri wa Sarajevo. Kila kitu kimetoka vizuri. Neema ana simu nzuri.

Nikampigia aitoe. Alikuwa na wateja. Nikapiga tena. Imetolewa saa kumi na moja jioni. Siku nzima imekaa pale. Akauliza kuna nini. Nikasema wakusanyaji wengine ni wezi.

Neno hilo limetoka kinywani mwangu mwenyewe.

Sikula.

Alhamisi, 5 Februari

Kimya. Simu nimeiweka chumbani, nimeifuata, nimeirudisha. Anastazia kauliza kama ni tumbo. Nimesema ni tumbo. Kanipa chai ya tangawizi, nikainywa yote kama mtu anayeumwa kweli.

Nani atakumbuka jina la mwanamke wa mlimani aliyekufa mwaka themanini na nne? Nani amebaki?

Najua nani amebaki.

Ijumaa, 6 Februari

Saa nne asubuhi. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi Zainabu. Zainabu wa Bi Tabu. Ulinifundisha darasa la tano."

Nikakaa kwenye ngazi.

Mjukuu wake anasoma hapa mjini. Aliiona picha kabla haijatolewa, akamwonyesha bibi yake. Zainabu akalijua jina la mama yake, akaujua na mwandiko wa kaka yake, ile S yake inayolala. Namba yangu kapewa na Neema. Neema alidhani ni mpenzi wa stempu.

Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonitafuna. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kilima mbio. Kasema kaka yake Salumu miaka yote alikuwa anaapa kwamba aliandika. Hatukumwamini, kasema. Hatukumwamini hata siku moja, mwalimu. Kisha akauliza nimeipata wapi.

Nikasema niliikuta kwenye makabrasha ya zamani ya shule. Ilijificha katikati ya karatasi.

Kanishukuru. Kasema Mungu akuzidishie. Atashuka kuichukua wiki ijayo, akimaliza kuanika mdalasini.

Uongo umenitoka bila hata kukohoa. Miaka sitini na minne. Nilifundisha watoto wa watu kusema kweli, tena kwa kiboko.

Neema ananiambia nisikose ufunguzi wa michezo. Sitatazama.

Jumamosi, 7 Februari

Niandike ilivyokuwa. Nisipoandika hapa sitaandika popote.

Mwaka themanini na tatu nilipangiwa shule ya mlimani, upande wa Matombo. Miaka ishirini na mbili, begi moja. Barua za kijiji kizima zilipitia sanduku la shule. Gari la ushirika lilileta kifurushi kila Alhamisi. Mimi, mwalimu mdogo kuliko wote, ndiye niliyezigawa Ijumaa baada ya vipindi. Watu walikuja dirishani, ninaita majina.

Mwalimu mwenzangu alikuwa amenionjesha stempu. Nikawa naomba. Watu wananipa, hawaoni kazi yake. Bi Tabu alikuwa na mwana, Salumu, anasoma ufundi wa mitambo Yugoslavia. Stempu za barua zake zilikuwa nzuri. Mara tatu au nne Bi Tabu alinikatia pembe ya bahasha kwa mkasi wake wa kushonea, anakata mpaka meno ya stempu. Hakuninyima hata mara moja.

Mwezi wa pili ikaja hii. Mrukaji ameinama hewani, mbao miguuni, chini yake hakuna kitu. Nilidhani anakufa. Na muhuri umekaa juu yake safi, wa mji wenyewe wa michezo. Nilishajifunza kwamba kitu kama hicho huwekwa kizima, bahasha na vyote, kisiguswe na mkasi. Nikapanga nitafute bahasha nyingine. Nimpe Bi Tabu barua yake kwenye bahasha mpya, ya zamani nimwombe. Lakini mwaka ule sabuni hakuna, sukari hakuna, bahasha vilevile hakuna. Nikasema nitapata wiki ijayo.

Ijumaa akaja Zainabu dirishani. Miaka kumi na miwili, sare imefupika. Mama anauliza kama kuna barua. Nikasema hakuna, njoo Ijumaa ijayo.

Akaja. Hakuna. Akaja. Hakuna.

Ijumaa sita.

Sikujua kama Bi Tabu anaumwa. Hapana. Nilijua anaumwa, kijiji kizima kilijua. Sikujua kama ni wa kufa.

Masika yakaanza. Udongo ukaporomoka barabarani, gari la ushirika halikupanda. Bi Tabu akafariki Aprili. Nilikwenda kuzika. Nilisimama na walimu wenzangu, viatu vimejaa tope, na bahasha mpya nilikuwa nimeshaipata, iko chumbani kwangu, wiki nzima.

Baada ya hapo ningemwambia nani, nini? Mwaka uliofuata nikaomba uhamisho. Barua sikuifungua kamwe. Nilijiambia kutoifungua ni heshima.

Kisha nikaanza kutafuta nyingine za namna ile. Calgary, Albertville, zote. Leo ndiyo nimejiuliza kwa nini. Nadhani nilitaka ile ya kwanza ipate wenzake, ionekane ni mkusanyo.

Jumapili, 8 Februari

Misa. Sikwenda komunyo. Anastazia aligeuka kunitazama, akageuza uso mbele.

Albamu sikuianika.

Jumanne, 10 Februari

Zainabu kapiga. Atashuka Alhamisi, na kwa kuwa hawezi kuja mikono mitupu ananiuliza kama napenda fenesi. Nikamwambia asije. Nitapanda mimi. Kafurahi zaidi. Kasema nitakuta wajukuu.

Nikakaa na simu mkononi. Kisha nikaenda jikoni nikamwambia Anastazia yote. Alikuwa anachambua maharage. Sikumtazama usoni, nilikuwa natazama sinia. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na kila Jumapili aliniona na ile albamu.

Aliendelea kuchambua. Mawe huku, maharage huku. Mwisho akasema, "Ungemwomba tu."

Basi. Jioni nimemkuta anapiga pasi shati langu jeupe la Alhamisi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimerudi.

Gari mpaka Mkuyuni na mbele kidogo, halafu pikipiki. Dereva alikuwa anaongea, sijui nini. Bahasha ilikuwa kifuani ndani ya shati, kwenye mfuko wa plastiki. Kila penye mtaro nilishika kifua. Barabara imebadilika, milima ni ile ile. Shule nimeipita bila kugeuza shingo.

Zainabu ni mzee sasa. Sijui nilitegemea nini. Nilimtafuta yule wa dirishani usoni mwake, nikampata kwenye macho. Uani mikeka imejaa maganda ya mdalasini. Kawaita wajukuu, wakapanga mstari, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kawaambia, "Huyu ndiye mwalimu aliyenifundisha mimi, bibi yenu." Ndani kuku ameshapikwa, wali wa nazi umefunikwa kwa kawa.

Nikamwomba watoto watoke.

Nilisema yote. Nilisema kwanza kwamba lile la makabrasha lilikuwa uongo. Nikasema stempu, bahasha, dirisha. Alikuwa anageuza maganda ya mdalasini, na aliendelea kugeuza muda mrefu baada ya mimi kumaliza. Yaliyogeuzwa akayageuza tena.

"Ijumaa zote zile?"

"Zote."

"Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ndani ya daftari la mahudhurio."

Kasema mama yake hakumwamini. Alidhani anaishia mtoni kucheza, hafiki shuleni kuuliza. Ijumaa ya mwisho alimtuma jirani amfuate nyuma, ahakikishe. Jirani akarudi akasema, mtoto amefika, mwalimu amesema hakuna.

Halafu akasema la Salumu. Alirudi miaka mitatu baadaye, na koti la baridi mkononi. Alipofika kaburini Zainabu alimwambia mbele ya watu kwamba mama amekufa anakuita, wewe hata kipande cha karatasi. Salumu akasema niliandika. Zainabu akamtemea mate. "Mimi, mwalimu. Nilimtemea kaka yangu mate usoni." Salumu akaondoka siku ile ile. Yuko Dumila, ana mashine ya kusaga. Wanakutana misibani tu, na hata huko hukaa mbali. Hajalala nyumbani kwao tangu siku hiyo.

Nikampa bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili. Kaitazama mbele, kaitazama nyuma, kapitisha kidole pale ilipofungwa kwa gundi. Nikadhani ataifungua. Hakuifungua.

"Si yangu," kasema. Kaifunga kwenye pindo la khanga. "Jumatatu tunakwenda Dumila. Utamwambia mwenyewe kwa kinywa chako. Mimi siwezi kumbebea maneno yako."

Chakula hakikufunuliwa. Nilikwenda mpaka kwenye pikipiki peke yangu. Kule mgeni husindikizwa. Nilitembea nikisikia watoto wanamuuliza mbona mwalimu anaondoka.

Ijumaa, 13 Februari

Neema amejua. Mama yake kamwambia. Kaja, kasimama mlangoni, hakukaa.

"Ungeificha mpaka lini, baba?"

Nimemwambia kweli. Mpaka nife. Na wewe ungeitupa na mengine.

Kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 15 Februari

Kesho. Sijui Salumu ni mtu wa namna gani. Namkumbuka kwa mwandiko tu. Anaweza kunipiga. Nadhani ningependa anipige, jambo liishe. Anaweza kwenda polisi, kuna sheria za barua za watu. Anaweza kucheka. Sijui kwa nini hicho ndicho ninachokiogopa zaidi.

Nimefanya mazoezi ya kusema. Kila nikisema ninajitetea. Mwaka ule bahasha hazikuwepo. Niliifuta hiyo. Nilikuwa kijana. Nimeifuta na hiyo. Kweli ikibaki yenyewe ni sentensi tatu.

Jumatatu, 16 Februari

Zainabu alikuwa stendi kabla yangu. Hakuniamkia. Basi likiwa nusu tupu, alikaa kiti cha nyuma yangu. Mpaka Dumila sikugeuka.

Dumila ni ile ile, malori, vitunguu, nyanya mpaka kwenye lami. Mashine iko nyuma ya soko. Salumu tulimkuta ndani, unga mpaka kwenye nyusi. Mrefu, mgongo umepinda kidogo. Alimwona dada yake mlangoni, akapunguza mashine.

"Nani amekufa?"

Hakuna salamu. Ndivyo walivyozoeana. Zainabu kanisukuma kidogo begani. Nikasema zile sentensi tatu. Mashine inanguruma, hakusikia. Kaizima. Kasema, "Rudia."

Nikarudia katika kimya, mbele ya kina mama watano na ndoo zao za mahindi. Mimi ni mwalimu fulani. Mwaka themanini na nne uliandika barua kwa mama yako, ikafika. Sikumpa.

Salumu kafuta mikono kwenye suruali, mbele, nyuma, tena mbele. Zainabu kafungua pindo la khanga. Salumu alitazama kwanza mwandiko. Alitazama muda mrefu sana. Kisha kafungua kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Karatasi mbili nyembamba za buluu. Alisoma akiwa amesimama. Midomo inatembea.

Halafu akamsomea dada yake. Si yote.

"Mama, nimepata habari kwamba unaumwa. Nimeomba ruhusa, wamesema mpaka Juni mitihani iishe. Nisubiri." Akageuza karatasi. "Mwambie Zaina asiache shule."

Zainabu akakaa chini kwenye magunia ya pumba.

Mama mmoja wa ndoo akasema, "Yarabi." Mwingine akamshika mkono wakatoka nje. Wengine wakafuata.

Salumu kanigeukia. Kaonyesha stempu kwa kidole chenye unga, bila kuzigusa.

"Kwa ajili ya hizi mbili?"

"Ndiyo."

"Ni za thamani?"

"Hapana. Zilichapwa nyingi. Ni za kawaida tu."

Akacheka, pumzi moja ya puani. Kile kile nilichokiogopa. Kisha akasema jambo ambalo nitakwenda nalo kaburini. "Nilizichagua mimi. Nilipanga foleni kwenye theluji, vidole vinauma. Zilikuwepo za bendera, za nusu bei. Nikasema hapana, mama anapenda picha. Anazibandika ukutani."

Sikujua kwamba alikuwa anazibandika ukutani. Kumbe zile bahasha alizonikatia pembe alizibandua ukutani kwanza.

"Unataka nikusamehe?"

Nikasema sijui.

"Leo siwezi. Na usinipigie kuniuliza kama nimeweza."

Akamgeukia dada yake, akaongea Kiluguru, chini chini. Nilishika neno moja tu, mama. Zainabu kanyanyua mkono akakamata pindo la shati lake, vile mtoto anavyoshika nguo ya mkubwa barabarani. Salumu hakuutoa ule mkono. Hakuushika pia. Alisimama tu, anatazama mahindi.

Kisha kina mama wakachungulia mlangoni, akawasha mashine.

Nikavuka barabara. Nikasubiri basi peke yangu. Muuza nyanya kaniuliza kama naumwa, kanipa kiti.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Padri kanipaka kwenye paji, nikajiona kama mtu aliyechelewa. Mwaka huu mfungo wetu na wa Waislamu umekutana, mwezi ukiandama leo wanaanza kesho, au wameshaanza. Soko tayari limebadilika, tende na tambi kila meza.

Siku mbili, kimya kutoka Dumila, kimya kutoka mlimani. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nasimama. Nikisikia mtu anabisha hodi kwa jirani, nasimama. Jana nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani sokoni, akaniita mwalimu kwa furaha, nikamkimbia. Kweli, nilikimbia, na mfuko wa ndizi.

Kwenye sanduku la posta kuna karatasi ya kuniita dirishani. Kifurushi kutoka Italia. Sijakwenda kukichukua. Siwezi kusimama mbele ya dirisha la barua.

Padri nimeshamwambia, kwenye kitubio. Aliniuliza kama nimemwambia mwenyewe mwenye barua. Nikasema mwenye barua amefariki.

Ijumaa, 20 Februari

Hakuna.

Anastazia ameniambia niache kushika simu wakati wa kula. Nikamwambia labda wamegombana. Labda Zainabu amemwambia jambo kule nyuma ya mashine, Salumu hakupokea, na sasa ni mbaya kuliko kabla. Labda ningekufa nayo tu, ingekuwa afadhali kwao. Kasema, "Kwao au kwako?"

Neema amekuja na mkate. Alikaa leo. Hakuzungumza sana, ila alikaa, na alikula na sisi.

Jumapili, 22 Februari

Saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa juu mlimani, huku kwetu jua. Simu ikaita nikiwa uani. Zainabu.

"Mwalimu."

Bila shikamoo. Nikamwitikia.

Kasema Salumu alipanda juzi na begi. Amekuja kufunga Ramadhani siku chache kwa dada yake. Jana walikwenda kaburini, akamsomea mama yao barua yote, mwanzo mpaka mwisho. "Hatukukuita."

"Sawa."

"Amelala barazani sasa hivi, anasubiri magharibi. Anakoroma. Nilikuwa nimesahau kama anakoroma."

Nikaibana simu sikioni.

"Sikukupigia kwa wema, mwalimu. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia akaelewa."

Nikadhani atakata. Hakukata. Nadhani aliishusha simu, akaiweka karibu naye. Nikasikia kuku, nikasikia mvua juu ya bati, na chini yake pumzi nzito ya mtu aliyechoka, inapanda, inakwama kidogo, inashuka.

Nilisimama pale uani na simu sikioni mpaka ikakatika yenyewe.